Swali la Mwalimu Siwema

Nchi yetu ni nchi nzuri, na ninayasema haya bila kulazimishwa, kwa kuwa aliyekuwa akinilazimisha amekwisha kustaafu. Msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ina milima ya kutosha, ina mto mmoja mkubwa mpakani, ina bendera yenye jicho katikati, na ina Waziri wa Uwazi, Mheshimiwa Kondo Mtimkavu, ambaye ndiye aliyetufikisha hapa tulipo.

Kabla ya Mheshimiwa, mtu aliweza kukaa kwake na simu yake, akauliza mtandaoni jambo lolote, na jambo hilo likabaki kati yake na simu. Hebu fikirieni upweke ule! Mtu anatafuta dawa ya chunusi na taifa halina habari. Mke anauliza namna ya kumwacha mume, na mume yupo sebuleni anakunywa chai kwa amani. Mheshimiwa aliliona tatizo hili akapeleka bungeni Sheria ya Kutafuta kwa Uwazi. Siku ya kuipitisha alihutubia mpaka wabunge wakalala, wakaamka, wakaunga mkono hoja, wakalala tena.

"Ndugu wananchi," alisema, "mtu mwema ni kama glasi ya maji safi. Ukisimama upande huu unaona upande ule. Sasa yule ambaye hatuoni ndani yake, ana nini mle? Ana matope! Kuanzia leo, kila anayeingia mtandaoni ataingia kwa Dirisha la Taifa, kwa jina lake, namba yake na picha yake akitabasamu. Na kila atakachouliza tutakifikisha kwa wadau, ili ahudumiwe kabla hata hajaomba huduma!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi kuliko wengine, kwa kuwa nilikuwa nimeteuliwa kuwa Balozi wa Uwazi wa mtaa wetu, kazi isiyo na mshahara lakini ina kofia. Wajibu wangu haukuwa mzito. Nilitakiwa kuhakikisha kila simu ina Dirisha, kuwasihi majirani wasizibe kamera kwa plasta, na kutoa taarifa ya yeyote anayefuta aliyoyatafuta. Kufuta, kwa mujibu wa sheria, ni sawa na dereva kugonga mtu na kukimbia.

*

Jirani yangu, ambaye tunapakana ukuta wa ua, alikuwa Mwalimu Siwema Kitwana. Alifundisha kemia katika sekondari ya wasichana, na alikuwa mke wa Shomari, karani wa ghala la nafaka. Waliishi na mdogo wake Siwema, aliyeitwa Mashavu, ambaye Siwema alimlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Mashavu alikuwa na kicheko ambacho kikianza jikoni kwao, mimi huku natabasamu bila kujua sababu. Alikuwa ameposwa na kijana anayeitwa Hemedi, na ukoo wa Hemedi ni ukoo mkubwa, wenye shangazi wengi na simu nyingi.

Nitakayowasimulia sasa sikuyajua wakati ule. Niliyajua baadaye, pamoja na nchi nzima, na mtaona ilivyokuwa.

Asubuhi moja ya Jumamosi Siwema alikuwa anachambua mchele. Mashavu akatoka kuoga, akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Dada, hebu bonyeza hapa."

Siwema alibonyeza. Akabonyeza tena.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo maana nilikinyamazia."

"Tangu lini, Mashavu?"

"Tangu kabla ya posa."

Siwema aliweka ungo chini. "Jumatatu tunakwenda hospitali."

"Hospitali gani? Ukifika tu mapokezi unaandikishwa kwa Dirisha. Kabla sijakaa kwenye benchi, mama yake Hemedi ameshapata ujumbe. Watasema wameposa maiti."

"Basi tuulize kwanza. Huenda si kitu."

"Tuulize kwa jina la nani?"

Siwema alifuta mikono kwenye kanga. "La kwangu. Mimi nimeshaolewa, nina kazi, nina kwangu. Watanifanya nini?"

Akachukua simu akaandika: *Uvimbe mdogo kwenye titi, hauumi, mwanamke afanye nini?* Dirisha lilimtaka atabasamu kwanza, akatabasamu. Jibu lilikuja papo hapo, kwa maandishi ya kijani: *Asante kwa swali lako. Wadau wako njiani.*

Jibu lingine hakupewa.

*

Mdau wa kwanza alikuwa Mbwiga, muuza sanda. Alipiga hodi kabla chai haijachemka, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Samahani kwa kuwahi, Mwalimu. Urefu wako ninao, nimetumiwa na Wizara. Upana ndio sina uhakika nao, watu hubadilika. Nina pamba safi, haichuji."

"Mbwiga, mimi niko hai."

"Najua, Mwalimu, ndiyo maana kuna punguzo."

Nyuma yake walikuja mganga wa mitishamba na msomaji wa dua, wakagombea zamu mlangoni. Akaja mpiga picha akamshauri apige picha nzuri sasa, kwa kuwa wengi hungoja mpaka wanakonda halafu familia inajuta. Wakaja watu wa bima kumwarifu kwamba wamefurahi sana kuwa naye miaka yote na kwamba safari yao pamoja imefika mwisho. Mimi mwenyewe nilipeleka sinia la pilau na pole ya mtaa.

"Mzee Chande," aliniuliza, "nani kafa?"

"Bado, Mwalimu," nilimjibu kwa upole. "Lakini ni vizuri kuwahi."

Jumatatu mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mama mstaarabu, aliyezungumza huku akitazama dirishani.

"Mwalimu, hatukufukuzi. Tunakupumzisha. Wasichana wako kwenye mwaka wa mtihani, na si vizuri wafundishwe kemia na mtu ambaye Wizara inamtarajia..."

"Inanitarajia nini?"

"Usinisemeshe neno hilo, Mwalimu. Kuna watoto humu."

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bi. Nunu, amefika na wasichana wawili wenye afya njema, wamekaa mkekani wamejitanda. Bi. Nunu alisema amewaleta kusaidia kupika. Aliwasimamisha mmoja mmoja mbele ya Shomari ili aone, kama alivyosema, urefu wa mikono yao katika kukoroga ugali.

Shomari hakuwa mtu mbaya. Wageni walipoondoka alimuuliza mkewe, "Siwema, ni kweli?"

"Si kweli. Sina kitu."

"Basi ulimuulizia nani?"

Simu ya Shomari ilikuwa mezani, na jicho lake dogo la kijani lilikuwa wazi. Siwema aliitazama simu, akamtazama Shomari, ambaye tangu ujana wake hajawahi kukaa na habari mpaka ikapoa.

"Niamini tu, baba. Sina kitu."

"Unanificha mimi, mumeo?"

Shomari alivumilia. Lakini kila asubuhi Dirisha lilimtumia pole, na kila jioni orodha ya wajane na mabinti waliokuwa tayari kumfariji, na mwanaume akipewa pole kila siku huanza kujiona amefiwa. Mwisho wa mwezi alifunga nguo zake akahamia kwa mama yake. Aliondoka analia. Siwema alimbebea begi mpaka barabarani.

*

Ndipo Siwema alipoamua kwenda Wizarani.

Wizara ya Uwazi ni jengo la vioo vitupu kutoka chini hadi juu, hata vyooni, isipokuwa ghorofa ya Mheshimiwa, ambayo vioo vyake ni vyeusi kwa sababu ya jua. Ofisi ya Faragha iko chini kabisa, karibu na pampu ya maji. Humo alimkuta Afisa Mwandamizi wa Faragha, Bwana Pazi Lukole, mtu mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

"Nataka swali langu liondolewe," Siwema alisema.

"Kwa maana hiyo unaomba faragha." Bwana Lukole alifurahi. Hakupata wateja wengi. "Ni haki yako ya msingi, Mwalimu. Katiba imeipa ukurasa mzima, na mchoro. Utaratibu ni mwepesi. Unatutajia jambo unalotaka lisijulikane, kwa ukamilifu, pamoja na sababu. Sisi tunalisoma redioni wiki nzima, baada ya taarifa ya habari, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza mtu, linakuwa siri yako."

"Nchi nzima ikiwa imeshalisikia?"

"Watakuwa wameagizwa wasilijue."

"Kuna mtu aliyewahi kupata?"

"Yupo mmoja. Mheshimiwa Waziri. Ombi lake halikusomwa redioni, kwa kuwa lilikuwa la siri."

Pampu ya maji ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta.

"Bwana Lukole, mimi nimeachishwa kazi. Mume wangu ameondoka. Watoto wa mtaani wananikimbia wakidhani ni mzimu. Yote haya kwa sababu niliuliza swali."

"Pole sana. Lakini Mwalimu, nikuulize kama ndugu. Mtu safi anaogopa nini?"

"Leo asubuhi ulioga?"

"Nilioga."

"Ulifunga mlango?"

Bwana Lukole alijirekebisha kwenye kiti. "Hilo sasa ni swali la binafsi."

"Ndiyo," alisema Siwema.

Aliripotiwa kwa utovu wa adabu, nami nikaagizwa nimwangalie kwa karibu zaidi. Nilisogeza kiti changu mpaka ukutani.

*

Siwema alirudi nyumbani akamsihi mdogo wake wavuke mto. Upande wa pili kuna nchi maskini kuliko yetu, isiyo hata na Waziri wa Uwazi, lakini ina hospitali ambamo daktari anafunga mlango akikuchunguza.

"Twende hata kesho," alimwambia. "Watakukata kidogo, utapona. Kivimbe kingali kidogo."

"Dada, umeona walivyokufanya wewe ambaye huumwi. Mimi ninayeumwa watanifanyaje?"

"Acha wafanye."

"Harusi itavunjika."

"Ivunjike, Mashavu! Harusi ni nini?"

"Ni rahisi kwako kusema." Halafu alijutia maneno yale, kwa sababu Shomari alikuwa ameondoka wiki ile ile. Akamkumbatia dada yake. "Baada ya harusi, dada. Nikishakuwa wa Hemedi hawataweza kunirudisha. Nakuahidi."

Harusi ilifanyika, na ilipendeza. Siwema alicheza ngoma mpaka kilemba kikamfunguka. Shangazi zake Hemedi walisogea pembeni wakinong'ona kwamba yule ni wa kuondoka wakati wowote, jamani, mwacheni ajifurahishe.

Baada ya harusi Mashavu alisema wangoje mfungo uishe. Mfungo ulipoisha alisema wangoje Hemedi apate likizo. Siwema alikwenda kwao mara nyingi, akamkuta anapika, anacheka, anabadilisha mazungumzo. Halafu akamkuta anapika kwa mkono mmoja. Halafu akamkuta hapiki. Hemedi ndiye aliyembeba mwenyewe mpaka hospitali, akiwa hajui kitu, na daktari akatoka chumbani akauliza kwa hasira, "Mlikuwa wapi siku zote?"

Mashavu alikufa wakati wa masika, njia zote zikiwa tope. Mbwiga alileta sanda ile ile aliyokwisha kuikata zamani kwa kipimo cha dada mtu. Ilizidi urefu, ikabidi ikunjwe miguuni.

Hemedi alikaa chini karibu na Siwema, macho mekundu. "Shemeji, kwa nini hakuniambia? Mimi ningemwacha? Mimi?"

Siwema alitazama mlangoni, ambako shangazi zake Hemedi walikuwa wamekaa na simu zao mapajani. Akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwepo, niliona, nikadhani ni majonzi tu.

*

Nchi yetu huadhimisha Siku ya Uwazi kila mwaka, na kila mwaka Mheshimiwa huhitaji mtu wa kupewa Nishani ya Glasi. Mwaka ule Wizara ilipokagua kumbukumbu zake iligundua jambo la ajabu. Mwalimu Siwema Kitwana, aliyetarajiwa kufa, alikuwa hajafa. Wataalamu walikaa, wakajadili, wakahitimisha kwamba amepona kwa sababu ya Dirisha.

Walimfuata kwa gari la serikali. Nilidhani atakataa, lakini alitoka amevaa nguo yake nyeusi, akapanda bila kusema lolote. Uwanja wa taifa ulikuwa umejaa. Watoto wa shule walijipanga wakatengeneza umbo la jicho, na jicho likapepesa mara mbili.

"Ndugu wananchi!" Mheshimiwa alinguruma. "Wako wanaosema Dirisha linaumiza watu. Nani ameumia? Mtazameni mama huyu! Aliuliza, serikali ikasikia, wadau wakafika, na leo yuko hapa, mzima buheri wa afya! Mwalimu, hebu waambie wananchi Uwazi umekufanyia nini."

Wakampa kipaza sauti. Alikishika kama mwalimu anavyoshika chaki, akangoja kelele ziishe.

"Swali lile halikuwa langu," alisema. "Lilikuwa la mdogo wangu, Mashavu. Yeye ndiye aliyekuwa na uvimbe. Aliogopa kuuliza kwa jina lake, na aliogopa kwenda hospitali, kwa sababu alijua mtamtangaza. Nikauliza mimi. Akaona mlivyonifanya, akazidi kuogopa. Kilikuwa kivimbe kidogo sana. Nilikishika kwa kidole hiki. Kingekatwa, angekuwa hai leo. Mimi nilinyamaza nikidhani namlinda. Leo yuko kaburini, na hakuna tena cha kulinda. Mheshimiwa, mdogo wangu hakufa kwa ugonjwa peke yake. Alikufa kwa kuwaogopa ninyi."

Nilisikia bendera zinavyopigwa na upepo. Kwenye jukwaa la pili nilimwona Hemedi amesimama, mikono kichwani.

Mheshimiwa aliinama. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na machozi, na nadhani yalikuwa ya kweli, kwa maana alikuwa mtu wa kuguswa na mambo yake mwenyewe. Akamkumbatia Siwema kwa nguvu mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

"Mmesikia?" alilia. "Mmesikia, ndugu zangu? Mama huyu alikuwa na siri! Ilimtafuna moyoni mwaka mzima! Na leo, mbele ya taifa zima, ameitoa! Kama huu si ushindi wa Uwazi, ushindi ni nini?"

Bendi ikapiga. Watu wakasimama wakashangilia. Siwema alivalishwa nishani akiwa amesimama wima, mikono imelegea. Nami nilipiga makofi, kwa sababu mikono yangu imezoea, lakini kofia nilikuwa nimeivua. Sijui niliivua saa ngapi.

*

Baada ya siku ile jambo geni lilitokea. Watu waliacha kuuliza.

Hawakuacha kabisa, kwa kuwa asiyeuliza kitu anatiliwa shaka. Walianza kuuliza kuhusu mbuzi. Dirisha likajaa mbuzi. *Mbuzi wangu anakojoa damu. Mbuzi wangu amechoka kuishi na beberu wake, afanyeje? Mbuzi wangu hapati usingizi tangu afukuzwe kazi.* Wataalamu wa Wizara walichambua takwimu na Mheshimiwa akatangaza matokeo kwa fahari. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, binadamu wote wa nchi yetu walikuwa na afya njema na ndoa zenye furaha. Mifugo, kwa upande mwingine, ilikuwa katika hali mbaya mno.

Serikali yetu ni sikivu. Wodi ya saratani ya wanawake katika hospitali kuu ilifungwa kwa kukosa waulizaji, vitanda vikatolewa, sakafu ikamwagiwa majani makavu, ikawa kliniki ya mbuzi. Mheshimiwa aliizindua kwa kukata utepe. Mbuzi mmoja aliula.

Wenye maswali ya kweli walianza kwenda kwa Mwalimu Siwema. Walikuja mchana kweupe, kama watu wa kuazima chumvi. Waliacha simu zao nyumbani, wakakaa jikoni kwake na kuuliza kwa midomo yao. Alikuwa amesoma kila kitabu cha tiba alichoweza kukipata, na asichokijua alisema hakijui. Wale wa kuchunguzwa aliwavusha mto. Hakuandika jina la mtu.

Hapa naomba niwaambie kwamba majina nimeyabadilisha yote, na huyo Lukole si Lukole.

Jumamosi moja, adhuhuri, yule afisa wa faragha alikuja anavuta mbuzi kwa kamba. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu ukutani. Shati lake halikupigwa pasi.

"Mwalimu," alisema, huku akitazama barabarani. "Mbuzi wangu ana uvimbe."

Siwema alimtazama mbuzi, ambaye alikuwa amenawiri na ameshaanza kutafuna mchicha wa bustanini. "Ana umri gani?"

"Arobaini na mbili."

"Amezaa?"

"Watoto watatu. Wa mwisho yuko darasa la pili."

"Uvimbe uko wapi, kwenye titi?"

Bwana Lukole aliitikia kwa kichwa. Alikaa chini palepale, kwenye jiwe la kufulia, akafunika uso kwa mikono miwili. Siwema alisimama mbele yake muda mrefu. Nilidhani atamfukuza, na kama angemfukuza nisingemlaumu.

"Kwa nini hukuuliza kwenye Dirisha?" alisema mwishowe.

Bwana Lukole alitoa mikono usoni akamkodolea macho, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuruka kutoka ghorofani. "Mwalimu," alisema, "mimi nina akili timamu."

Siwema aliingia ndani akatoka na mtandio wake. "Mlete mkeo kesho. Simu aiache."

Mke huyo, tumwite Bi. Amria, alivushwa mto akafanyiwa upasuaji. Kivimbe kilikuwa kidogo, kama kile kingine. Walikiwahi.

*

Mngetegemea hadithi iishie hapo, kwa shukrani. Lakini Bwana Lukole alikuwa mtu wa kazi yake. Mkewe aliporudi mzima, yeye akakosa usingizi. Kila alipofumba macho alimwona mwanamke mmoja mtaani kwetu ambaye anajua jambo lake, na jambo hilo halimo kwenye kumbukumbu yoyote, wala hakuna kitufe cha kulifuta. Akavumilia wiki chache. Kisha akamshtaki kwa kupokea maswali ya wananchi bila leseni.

Siwema alifikishwa mbele ya Baraza la Uwazi. Aliulizwa ni nani waliomwendea. Akasema hakumbuki. Akaulizwa tena, akaahidiwa kurudishiwa kazi yake ya kemia. Akasema hakumbuki. Bwana Lukole alikuwa amekaa nyuma ya waendesha mashtaka, jasho linamtiririka shingoni. Siwema hakumtazama hata mara moja.

Ndipo nikaitwa mimi.

"Mzee Chande," alisema mwenyekiti, "wewe ni Balozi wa Uwazi, mtu mwaminifu, na mnapakana ukuta. Litajie Baraza wote uliowaona wakiingia kwa mshtakiwa."

Niliwaona wote. Nilijua walivaa nini. Maisha yangu yote sijawahi kuulizwa na serikali jambo nikalibakiza. Nilifungua mdomo, na nawaambia kweli, nilikuwa nakusudia kusema.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nilisema, "ukuta wetu ni mrefu."

"Taarifa zinaonyesha ukuta huo unakufika kifuani."

"Siku hizi nimekuwa mfupi."

Watu walicheka. Mwenyekiti aligonga meza. "Hukuona mtu?"

"Sikuona mtu."

"Wala hukusikia?"

"Masikio haya, mheshimiwa, niliyachakaza katika utumishi."

Baraza lilikwenda kushauriana, likarudi na hukumu. Kwa kuwa hakuna lolote lililojulikana dhidi ya mshtakiwa, Baraza limeridhika pasipo shaka kwamba anaficha mengi. Mwaka mmoja gerezani. Mimi nilinyang'anywa kofia hapo hapo, na karani akaipigapiga kutoa vumbi kabla ya kumvalisha balozi mpya. Bwana Lukole alipanda cheo. Bado yuko ofisini kwake, karibu na pampu ya maji, na wanaoomba faragha bado anawasomea redioni.

Nilikwenda kumtembelea Siwema gerezani nikiwa na mkate na sabuni. Amekonda. Tulikaa kwenye benchi, askari wa kike kasimama karibu yetu. Hakuniuliza kwa nini nilisema vile barazani, na afadhali hakuuliza. Alikata kipande cha mkate, akainama kwangu akauliza polepole, "Mzee, Bi. Amria anaendeleaje?"

"Nani?"

"Amria. Mke wa Lukole."

"Mwalimu," nilimwambia, "mimi simjui mtu wa jina hilo."

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni, mpaka mkate ukamponyoka. Sikuwahi kumsikia akicheka tangu tulipomzika Mashavu. Nami nikacheka.

Askari alisogea akauliza tunacheka nini.

Tukamwambia hatujui.